Fundi wa stima asiyevuka mlango wa mkwe

Saa tisa alasiri, Ijumaa. Edinah Nyanchera ameketi kwenye kigoda katika korido ya nyumba ya wakwe zake, karibu na soko la Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Ana bisibisi mkononi na ameupa mgongo mlango wa chumba cha kulala. Mlango uko wazi, lakini hageuki hata kidogo.

"Mama, waya ziko ngapi hapo?" anauliza kwa sauti.

"Tatu," anajibu mama mkwe wake, Tryphosa Bochaberi, kutoka ndani.

"Rangi gani?"

"Moja nyekundu, moja ya njano. Hii ingine ni nyeusi, ama ni uchafu tu."

"Panguza na leso."

Anasikika akisugua. "Ni uchafu. Ni bluu."

Edinah anacheka mpaka bisibisi inamponyoka. Hata hivyo, jasho linamtiririka. Jua likitua Sabato itaingia, na katika boma hili la Waadventista hakuna atakayegusa plasi wala bisibisi. Baba mkwe wake ameshasema: taa ya chumba chake isipokaa sawa leo, Jumapili atakuja fundi mwingine kutoka Keroka kung'oa kila alichokiweka Edinah.

Edinah ana umri wa miaka 34 na watoto wawili, na ufundi wa stima ndio mkate wake kwa mwaka wa tisa sasa. Ameunganisha nyumba za kupangisha mjini Kisii na maduka ya Keroka, na huko akipita watu humwita fundi. Nyumbani kwa mumewe, Ratemo, hali ni nyingine.

"Hapa mimi ni Mama Sheila," anasema, na uchungu unasikika. "Swichi ikiharibika wanaita kijana wa sokoni. Mimi niko jikoni, nasikia akiharibu."

Bahati yake ilikuja na macho ya baba mkwe wake, Mzee Joash Obwocha. Mzee huyo wa miaka 76 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa nane, na tangu hapo balbu nyeupe ya chumbani ikawa inamchoma.

"Alikuwa analala na kofia," anasema Tryphosa. "Nikamwambia, wewe unaenda wapi?"

Binti yao Linet, mwalimu Nakuru, akatuma kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga, ambacho mafundi hukiita dima. Kina ukubwa wa kiberiti, bei yake ni shilingi 3,800, na hufichwa ukutani nyuma ya swichi. Kiasi cha mwanga hupangwa kwenye simu, na kifaa hukikumbuka. Swichi ya zamani hubaki palepale, ikiwasha na kuzima kama kawaida.

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya mzee akubali. "Swichi yangu isitolewe," alisema. "Mkono wangu unaijua."

Mjini Edinah hutoza shilingi 700 kwa kazi kama hiyo. Kwa wakwe hakutaka hata senti. Alitaka tu ionekane.

Ikaonekana, ila vibaya. Taa ya chumba hicho ina swichi mbili: moja kwenye korido, nje ya mlango, na nyingine karibu na mto wa mzee. Edinah aliiweka dima nyuma ya ile ya korido, akaijaribu, ikatii. Usiku huo mzee akazima taa kwa swichi ya kitandani. Alipoiwasha tena, mwanga ukamlipukia jichoni kwa nguvu zote.

Ikawa hivyo wiki nzima. Mzee akarudi kwenye kofia yake.

Kosa lilikuwa la kukisia. Edinah alidhani umeme unaingilia kwenye korido, kama katika nyumba nyingi alizofanyia kazi. Aliyeiunganisha nyumba hii zamani aliuingiza upande wa kitanda. Kwa hiyo mzee akizima pale, dima yenyewe inakosa umeme, na ikiupata tena inaanza upya kwa mwanga wote. Fundi yeyote angeligundua hilo kwa kufungua ile swichi ya pili.

Lakini angeifunguaje? Kwa Wagusii, mke wa mtoto haingii wala hachungulii chumba cha kulala cha baba mkwe. Ndiyo heshima wanayoiita chinsoni, na Ratemo naye, mtu mzima, haingii huko kwa wazazi wake. Edinah alikuwa amefunga taa ambayo nusu yake hajawahi kuiona.

"Nililia," anakiri. "Kisha nikajiuliza, ni nani anaingia humo kila siku?"

Tryphosa, mwenye miaka 70, hakusita. "Mimi nashona nguo za kwaya tangu nikiwa msichana," anasema. "Nitashindwa na waya tatu?"

Mpango ni kuupitisha umeme moja kwa moja hadi kwenye dima, swichi ya kitandani ibaki kuiamuru tu. Kwa hiyo leo Edinah amezima umeme kwenye meinswichi na kuutia ufunguo wa kisanduku chake mfukoni. Amempa mama mkwe tesita, bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme, aguse waya moja moja. Haiwaki. Anamwambia aguse tena. Haiwaki.

"Sasa nyekundu, njano na ile waya fupi niliyokukatia, zikutanishe kwenye kile kiunganishi nilikupa. Kaza. Bluu na ncha ya pili ya ile fupi, zirudishe kwenye swichi."

"Nimekaza."

"Vuta kidogo."

"Inakataa kutoka. Mbuya mono, vizuri sana!"

Saa kumi na moja na nusu umeme unarudishwa. Mzee Obwocha, aliyekuwa uani akijifanya anasikiliza redio, anapita kwenye korido na kuingia chumbani. Edinah anabaki ameangalia ukuta.

Swichi ya kitandani inalia. Mwanga mwepesi, kama wa mbalamwezi, unatua ukutani mbele yake. Unazimika. Unawaka tena, uleule mpole. Mzee anarudia mara sita, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Kisha sauti yake inatoka chumbani: "Tryphosa, mwambie fundi aje anywe chai kabla jua halijatua."

Fundi. Edinah anaziba mdomo kwa kiganja. Miaka tisa alikuwa akilingoja neno hilo litoke katika nyumba hii.

Januari anapanga kukodi chumba Keroka, cha kuuzia na kufungia dima. Atawashauri pia wanaojenga waingize umeme upande wa korido, mahali ambapo hata mke wa mtoto anafika. Kibao cha duka kimekaa miezi bila maandishi, kwa kuwa hakujua aandike jina lake lipi. Sasa anajua: Edinah Nyanchera, Fundi wa Stima.

Tryphosa anaweka kikombe chini. Tesita bado iko mfukoni mwake, na haonekani kuwa na haraka ya kuirudisha.

"Na jina langu litakaa wapi?" anauliza.

"Hapo chini, mama," anajibu Edinah. "Nitaacha nafasi."