Waziri wa Mwisho wa Chakula

Siku yangu ya kwanza ofisini niliuliza ghala kuu liko wapi, watumishi wakatazamana. Walionitangulia waliuliza gari lao liko wapi. Basi ninyi vijana wa mtaa wetu huu wa Rosettenville mnaonitania nikisimama pale robot, kwenye taa za barabarani, kusubiri kuvuka, "Eish, Mzee Waziri, ulikula ngapi?", leo tulieni niwaeleze kazi yenyewe.

Nchi yangu ilikuwa ya kikomunisti, chama kimoja tu. Siku hizi imebadili hata jina. Katika miezi yake ya mwisho mimi nilikuwa Waziri wa Chakula. Kazi ilikuwa mgao: kila mji ulipangiwa unga, mafuta na sukari kutoka ghala la serikali, maana maduka ya watu binafsi yalikatazwa. Waziri akikosea, mji mzima unalala njaa. Na barazani hatukupiga kura hata siku moja. Katibu Mkuu wa Chama alisoma uamuzi, mawaziri tukapiga makofi, ukapita.

Kisha mji mmoja wa viwanda ukagoma, watu wakajaa barabarani wakidai uchaguzi. Katibu Mkuu akasoma: unga usipelekwe huko mpaka warudi kazini. Makofi yakalia. Mimi mikono nikaiacha mezani. Niliogopa, wallahi! Watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Ndugu Waziri, mikono inakuuma?"

"Mizima, Ndugu Katibu. Lakini kule kuna watoto, na waziri wa chakula chao ni mimi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Malori yameondoka asubuhi kwa amri yangu. Ukitaka yarudi, toa amri kwa jina lako."

Akafunua karatasi zake, akaenda kwenye ajenda nyingine. Chama kilikuwa kinayumba, na hakuna mkubwa aliyetaka njaa ile iitwe kwa jina lake. Unga ukafika.

Uchaguzi ulipokuja, nikagombea mji uleule, kifua mbele. Loo, nilibwagwa! Walimchagua mwalimu aliyeongoza mgomo. Mke wangu alilia sana. Mimi nimestaafu hapa kwa binti yangu, na nawaambia bila kumung'unya maneno: ile siku ya kubwagwa ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Mwenye njaa humpigia kura yeyote aliyeshika unga. Wale walinikataa wakiwa wameshiba.