Wiki Tatu za Kuchagua Daftari la Kioo

Sisi tuliosoma kijijini Mamba kabla nguzo za umeme hazijapanda mlimani hatukuwa na habari ya kuchagua daftari. Mzazi alishuka sokoni, akarudi nalo kapuni, limelala kati ya sabuni na chumvi, nawe ukashukuru. Penseli ilikatwa katikati kwa wembe: nusu yangu, nusu ya mdogo wangu Nakijwa. Biro ikigoma kwa baridi ya asubuhi, uliipikicha viganjani, ukaipulizia pumzi, ukachorachora pembeni mwa karatasi mpaka wino ukakubali kushuka.

Tulikwenda shule ndani ya ukungu, kila mtoto na kuni zake na kidumu chake cha maji, vidole vinanuka tangawizi tuliyosaidia kuosha jana yake. Saa nne uji, mkali wa moshi, ukikawia unakuta sufuria imeshakwanguliwa. Mchana nyumbani makande, jioni makande yaleyale yamepashwa moto, na hakuna aliyeuliza kuna nini kingine. Mama akituona tunabagua viazi sahanini mwetu alisema, "Mchagua jembe si mkulima." Basi, tukala.

Nayasema haya ili wenzangu wa rika langu mwelewe binti yangu Namsifu alivyotaka kunitia wazimu mwezi uliopita.

Namsifu amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ilisema aje na kifaa cha kuandikia notsi, maana masomo mengine yatatumwa kwa mtandao. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja. Wiki tatu, jamani! Mimi ni fundi cherehani hapa Same mjini, nafanyia kazi kibarazani kwangu, na wiki tatu hizo nilishona nikisomewa habari za betri. Leo anataka kishikwambi chenye kalamu yake, kwa kuwa ni chepesi na atachora mifupa na mishipa vizuri. Kesho anataka laptopu ile ya kugeuza kioo kikakutana na mgongo, kwa kuwa ina vitufe vya kuchapia ripoti. Keshokutwa laptopu nzito, itamvunja bega.

"Mama, hii kalamu inachajiwa," aliniambia siku moja.

"Kalamu inachajiwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ikizimika mwalimu anafundisha?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshona mfuko wa sketi ya watu juu chini kwa sababu yake.

Alhamisi, chuo kikiwa kinafunguliwa Jumatatu, nikafunika cherehani nikamwambia tunatoka, na haturudi mikono mitupu. Duka la kwanza alishika kishikwambi, akaandika mistari miwili, akatikisa kichwa. Duka la pili wakamletea laptopu ya kukunja. Akaigeuza, akaandika, akafuta, akaandika tena, akairudisha. Nikamwuliza kasoro ni nini, akasema, "Basi tu, haijanikaa." Hapo nikapandisha sauti mbele ya wateja.

"Namsifu, unakwenda kusoma au unatafuta mchumba? Haijakukaa ni gauni hili?"

Watu wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akatangulia kutoka.

Duka la tatu muuzaji alikuwa dada mchangamfu, kucha ndefu za rangi ya zambarau. Alinisalimu shikamoo, akampa Namsifu kishikwambi na kalamu, akasimama kumtazama. Safari hii nami nikasogea karibu. Mwanangu aliandika jina lake, na kila herufi ilipotoka, kiganja kilichokuwa kinaifuata nyuma kikachora alama yake juu ya kioo: mkwaruzo hapa, doa pale, mpaka jina likawa kama limepitiwa na kuku.

Muuzaji akasema kwa upole, hana ubaya, "Dada, si ujaribu na mkono wa kulia? Utazoea tu."

Neno lile lilinichoma, wenzangu. Namsifu anaandika kwa kushoto tangu alipoanza kushika kalamu. Mimi pia nilizaliwa hivyo, na jambo hilo sikuwahi kumwambia.

Darasa la pili mwalimu aliniambia niukalie mkono wangu. Niliukalia mwaka mzima, juu ya benchi la mbao, ukifa ganzi mpaka nikawa siujui kama ni wangu. Nyumbani baba alisema mkono wa kushoto si wa kalamu wala si wa kupokelea chakula, akaona mwalimu amenisaidia. Nikajifunza wa kulia. Ila ulikuwa mzito. Notsi zikijazwa ubaoni, mimi nikiwa nusu, ubao ulikuwa umeshafutwa. Miaka yote ile daftari zangu zilijaa sentensi zisizo na mwisho, na mtihani ulipokuja ukaniuliza hizohizo. Watu walisema Nakijwa ndiye mwenye akili, mimi nina mikono ya kushona.

"Mbona hukuniambia kwamba ni mkono?" nilimwuliza Namsifu.

Alijibu bila kunitazama. "Bibi kila tukipanda Mamba ananiambia niuache. Niliogopa na wewe utasema hivyohivyo."

Wiki tatu nimemwita mchaguzi, mwenye makuu, mtoto wa mjini, naye alikuwa anatafuta kifaa kisichomkataa.

Nikamgeukia muuzaji. "Dada, hatabadili mkono. Tafuta namna kibadilike hicho kifaa."

Akaingia kwenye mipangilio, akapekua huku na kule kwa zile kucha, mara akasema, "Kumbe!" Kulikuwa na swali limeandikwa kwenye kioo kwa herufi ndogo: unaandika kwa mkono gani? Akagusa kushoto, na mahali pengine pa kukiamrisha kioo kisisome kiganja. Namsifu akaandika jina lake. Likatoka safi. Akaandika la kwangu, akalipigia mstari, akaanza kutabasamu. Wiki tatu za kutazama video za kulinganisha vifaa, na dawa ilikuwa mle ndani! Nilitaka kumkaba, nikamkumbatia.

Tukakichukua. Mngedhani yameisha. Akahamia kwenye makava, la kijani, la kahawia, lenye maua, lisilo na maua, nami nikatoka nje kupunga hewa. Enzi zetu daftari tulilifunika kwa gazeti, na tulicheka tukiwa tunalifunika, wala sitasema tulikuwa watoto wa huzuni. Uji ule wa moshi nauota mpaka leo. Lakini kumbukumbu zangu zote nikizipekua, kuanzia nyumbani mpaka darasani, simwoni mtu mzima hata mmoja aliyeinama akaniuliza ninachotaka.

"Mama!" Namsifu aliita kutoka ndani. "La kijani au la kahawia?"

"Chagua mwenyewe," nikamwambia. "Taratibu tu, nipo."