Mwali Aliyeinamisha Kichwa

Siku ya kwanza kazini nilipewa sabuni na rundo la vitambaa vya vidonda. Ilikuwa enzi ya Mdachi, kwenye nyumba ya wagonjwa ya misheni, huku milimani Uluguru. Sista Mkuu hakunisalimu. Alisema, "Ukiogopa usaha, rudi kwenu ukalime." Sikurudi.

Nikatolewa kwenye kufua, nikafundishwa kupima mapigo: vidole kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, unasikiliza moyo unavyokwenda. Baadaye nikapelekwa Morogoro mjini kwa daktari wa serikali, tuliyemwita Bwana Mganga. Alikuwa na kigogo kilichotobolewa katikati. Upande mmoja kifuani kwa mgonjwa, upande wa pili sikioni kwake. Mimi niliwashughulikia wanawake wasiotaka kuguswa na mwanamume.

Mwaka mmoja matumbwitumbwi yalishika milima yote. Watoto mashavu yamevimba, wamepakwa masizi, wanachekana. Nani ayaogope? Huja yakaenda. Yakamkuta Zena wa kijijini kwetu akiwa ndani. Ninyi wa siku hizi hamjui: binti akivunja ungo alifungiwa, akafundwa, akalishwa anenepe, asionwe na mwanamume mpaka siku ya kutolewa. Mashavu yakanywea. Kisha shingo ikavimba mbele, mikono ikatetemeka, akawa anakula na huku anakonda. Mama yake akamfunika shuka gubigubi, wakamshusha kwetu mjini kwa machela.

Nikampapasa shingo chini ya shuka, nikamweleza Bwana Mganga; naye alisikiliza moyo juu ya shuka, akarudia.

"Maradhi yameingia kwenye tezi ya shingo," alisema. "Tezi hiyo ndiyo huuendesha mwili, mbio au polepole. Sasa inaukimbiza. Na moyo wenyewe umeugua. Haya nimeyasoma tu, sijapata kuyaona. Alale. Asibebwe mabegani, asichezeshwe ngoma."

Akaniamuru nirudi na Zena kijijini, nimwangalie mpaka mapigo yatulie.

Kwetu Waluguru mwenye kauli ni mjomba. Wa Zena alikuwa ameshaalika watu, pombe imeiva.

"Shikamoo, mjomba. Mganga kasema mwali asitolewe."

"Marahaba. Huyo mganga katoa wali wangapi?" Watu wakacheka.

"Moyo wake unakwenda ovyo. Mshike mkono usikie."

"Mwali gani moyo wake hauruki siku hiyo? Wewe mwenyewe ulitetemeka mpaka shanga zikakatika! Pombe haingoji, mwanangu."

Nikamgeukia mama yake. "Dada," akasema, "niseme nini mbele ya kaka yangu?"

Wakamtoa. Wakampaka mafuta, wakamvika shanga juu ya ule uvimbe, mwanamke mwenye nguvu akambeba mabegani. Mwali hasemi, hatazami watu. Huinamisha kichwa, na kadiri anavyoinama ndivyo anavyosifiwa. Nilikwenda ubavuni, naudaka mkono wake kila nikiweza. Ulilowa jasho.

Ngoma ikapamba moto. Kichwa kikainama zaidi. Vigelegele! "Huyo kafundwa! Huyo kafundwa!"

Nikaudaka mkono. Nikatafuta chini ya dole gumba. Nikatafuta tena. Hakuna kitu.

Nikapiga kelele wamshushe. Wakadhani nashangilia, wakazidi kuimba. Walizunguka uwanja na maiti mabegani, wanaisifu kwa adabu, mpaka nilipomvuta nguo yule mbebaji, akapiga magoti.

Mjomba akaja. Akachutama, akaushika ule mkono aliokuwa ameukataa.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapo, mjomba."

Hakuviondoa vidole vyake. Jua lilizama navyo viko palepale.

Mdachi akaondoka, akaja Mwingereza, nikaendelea na kazi hadi macho yalipopungua nguvu. Nimeosha ndui, nimefunga vidonda vya vita. Hayo yote nayasimulia huku nakula. Hili la Zena likinijia, tonge naliweka chini.

Sasa nimestaafu, lakini mwali akitolewa, hata kule Kihonda, nakwenda na fimbo yangu mpaka katikati ya uwanja. Makungwi wananijua. "Bibi, unatuharibia ngoma!"

Naiharibu. Namwinua mwali kidevu. Mpaka anitazame ndipo nasema pigeni.