Mkongwe na Wale Aliowaita Watoto

Katika karakana ile ya vioo kulikuwa na mtu mzima mmoja tu, na usiulize ni nani, maana angekuwa ameshakwambia mwenyewe. Alijiita Mkongwe. Wengine wote walikuwa watoto. Aliyeingia kazini mwaka jana alikuwa kinda. Aliyetimiza miaka mitano alikuwa chipukizi. Hata fundi mwenye mvi kidevuni, kwa kuwa tu aliajiriwa mwezi mmoja baada yake, alikuwa "mbichi huyo, hajakomaa."

Mama Pacha alikuwa na miaka kumi na moja ya kazi kwenye meza ya kukatia vioo, na wanawe pacha walishaanza kunyoa ndevu. Mkongwe alimwita kabinti.

"Kabinti, leta futi."

"Iko mfukoni mwako, kaka."

"Ndiyo utoto wenyewe huo. Mkubwa akiomba futi, unaleta. Hujibu."

Mama Pacha alimdharau kwa moyo wake wote. Alishaona jinsi bwana huyu alivyowapandisha na kuwashusha watu umri kwa faida yake. Kazi ikimpendeza mteja, "vijana wangu hawa, nimewafunza mimi." Kioo kikipasuka, "watoto bwana, utafanyaje?" Kikija kioo cha kubebwa na watu wanne hadi ghorofa ya tatu, ghafla wote wanakuwa wanaume, isipokuwa yeye, ambaye siku hiyo ni mzee na mgongo unamsumbua. Jioni yake, mbele ya dada anayeuza vipodozi duka la pili, mgongo umepona na mzee amegeuka barobaro. Na barobaro huyo wa miaka hamsini na mitatu alikuwa bado anafuliwa soksi na mama yake mzazi.

Mwaka huo tajiri wao alitangaza kwamba amechoka, anatafuta msimamizi wa kumwachia funguo. Mkongwe akaanza kukalia kiti cha tajiri wakati wa chakula, kukizoea. Mama Pacha naye alizitaka funguo zile mpaka zikamkosesha raha. Akizipata Mkongwe, yeye angefungasha virago. Miaka mingine kumi na moja ya ukabinti asingeiweza.

Ndipo ikaja kazi ya dirisha la duka la dawa. Pale karakanani, desturi ilikuwa kupima fremu mara tatu: juu, katikati na chini, kwa sababu fremu nyingi zimepinda. Anayepima huandika vipimo vyote kwa penseli kwenye fremu yenyewe, kisha kioo hukatwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Mkongwe alipima chini tu.

"Kaka, hapo juu pamebana," Mama Pacha akamwambia.

"Kupima mara tatu ni kwa watoto. Jicho langu hili lina miaka thelathini kazini. Wewe maziwa hayajakukauka mdomoni, unifundishe mimi?"

Siku ya kufunga, kioo kiliingia chini vizuri, juu kikakataa. Kilizidi kwa upana wa kidole gumba, na kioo kilichokwisha kuchomwa kiwandani ili kiwe kigumu hakipunguzwi hata unywele. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni, na tajiri kando yake.

"Kimevimba kwa jua," alisema Mkongwe. Alipoona hakuna anayecheka wala kuamini, akageuka. "Alipima huyu kabinti. Nilisema mimi, hawa watoto!"

Mama Pacha akanyoosha tu kidole kwenye fremu. Tajiri akainama. Juu patupu, katikati patupu. Chini palikuwa na kipimo kimoja tu, kwa namba kubwa, chenye ile saba ya mkia ambayo pale kazini aliiandika mtu mmoja tu. Tajiri akaondoka.

Kesho yake asubuhi Mkongwe hakuja peke yake. Mbele yake alitembea bibi kizee wa fimbo, na yeye nyuma amembebea mkoba.

"Mwanangu," bibi akamwambia tajiri, "nimekuja kumwombea huyu. Usimfukuze, na funguo mpe tu, atajifunza. Ni mtoto huyu. Akili bado haijatulia."

Mashine zote zilizimwa. Mama Pacha alimtazama Mkongwe, akingoja aone haya, akatae, hata akohoe.

"Na wewe unasemaje?" tajiri akamwuliza.

Mkongwe alitazama viatu vyake. "Si mama ameshasema?"

"Nimekusikia, mama," tajiri akamjibu bibi kwa heshima. "Simfukuzi." Kisha akatoa funguo mfukoni na kuziweka mezani, mbele ya Mama Pacha.

Mama Pacha alizichukua. Kulikuwa na kioo kinasubiri, na mwenye duka la dawa alishapiga simu mara mbili.

"Kaka," alisema, "leta futi."

Mkongwe alifungua mdomo amjibu.

"Mpe mkubwa wako, mwanangu," alisema bibi.

Akaitoa mfukoni, akampa.