Binti wa Margareta Anayesoma Presha ya Ardhini

Kibosho nzima ilijua mbege ya Margareta haina mpinzani. Bei ya kahawa ilipoporomoka miaka ile ya tisini, wanaume wakabaki kulalama, yeye alipika ndizi, akaotesha ulezi, akauza pombe hiyo ya mbege, na kwa mbege hiyo Dominika, bintiye, akasoma mpaka chuo kikuu. Je, alijivuna? Alijivuna waziwazi, na asiyependa aliruhusiwa kunywa kwingine.

Dominika aliajiriwa kusini, kwenye kisima cha kutafuta gesi. Kazi yake ilikuwa kukagua matope na vipande vya miamba vilivyopanda, na kusema kama huko chini kuna presha isiyo ya kawaida. Krismasi ile alirudi nyumbani, kama Mchagga yeyote, akasimulia bila kuficha kwamba juzijuzi kisima kiliwarushia matope. Baba yake, Sirili, akatamka palepale kwamba harudi tena huko, atafundisha sekondari. Margareta aliumia. Aliona moshi wote aliovuta jikoni umekwenda bure.

Siku ya kwenda Masama kwa ndugu zake Margareta, Sirili, kwa haraka zake, alijaza mbege changa kwenye dumu akakaza kifuniko kwa nguvu zote. Mpishi yeyote anajua mbege huachwa ipumue, ila Sirili alikuwa mnywaji tu. Jua lilipopanda, dumu likavimba. Akaliinamia alifungue kwa mkupuo, suti ya Krismasi mwilini.

“Baba, acha,” alisema Dominika. “Utaoga.”

Akapiga goti, akalegeza kifuniko kidogo, akasikiliza pumzi ikitoka, akakaza, akalegeza tena. Halikumwagika tone. Kisha akamweleza baba yake kwamba ardhini mambo ni yaleyale. Udongo wa mfinyanzi ukifukiwa upesi, maji yake hukosa pa kutokea, yakabaki yamebeba uzito wa miamba ya juu. Presha hiyo huisukuma gesi iingie kwenye mchanga wenye presha ndogo, na udongo mgumu ulio juu yake huifungia humo. Presha ikipita kiasi, udongo huo hupasuka, gesi hutoroka, na wachimbaji huambulia maji. Kwa hiyo mwenye kuisoma presha hujua gesi imejificha wapi, na hujua lini tope linalomiminwa kisimani kuizuia presha liongezwe uzito. Siku ile ya matope, yeye ndiye aliyewaambia wasimame.

“Wakakusikiliza?” Sirili aliuliza.

“Walisimama wote, Baba.”

Sirili alikung'uta suti yake iliyokuwa safi. Njia nzima Margareta alimtazama kwa pembeni, roho juu.

Huko Masama, Wenseslaus, kaka mkubwa wa Margareta, aliuliza binti anaanza lini kufundisha. Mbege ilikuwa imeshamiminwa. Desturi ni kwamba aliyeileta huonja kwanza, halafu kata ya kibuyu humwendea mkubwa wa nyumba. Sirili akaonja, akasimama, akampelekea kata Dominika kwa mikono miwili.

“Hafundishi,” alisema. “Anarudi kisimani. Kule hawachimbi mpaka mwanangu aseme.”

Margareta alilia mbele ya ndugu zake wote, wala hakujifuta. Dominika akanywa. Wenseslaus, aliyekuwa ameshanyoosha mkono, ikabidi angoje zamu yake.