Siku Katibu Alipohama Bariadi

Katibu wa chama tawala aliletwa Bariadi wakati vyama vingi vimeruhusiwa na wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia vijijini na malori yao. Makatibu waliomtangulia tulikuwa tunawaona siku za sherehe tu. Huyu alikuwa mtu wa kutembea. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na hakuwa Msukuma, lakini haukupita msimu akawa anaitikia salamu yetu ya asubuhi, "mwangaluka," kama mtu wa kwetu, na akikaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anakula mpaka sahani inabaki nyeupe.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha chama hakishindwi, na namna alivyoifanya ndiyo iliyotugawa. Akifika kijijini hakuanza na mkutano. Alikaa nyumba mbili tatu, akasikiliza. Akiondoka anajua kina nani wanagombea mpaka wa shamba, ukoo upi hauelewani na upi. Baada ya muda ungesikia mmoja wa wale wagomvi amepewa cheo, na mwenzake kwa hasira amehamia upinzani. Hapo Katibu alikuwa ameshapima kwamba yule wa kwanza ndiye mwenye ndugu wengi.

Kijijini kwetu, upande wa Itilima, alitumia ngoma. Sisi tuna pande mbili za ngoma zinazoshindana baada ya mavuno, tangu enzi za babu zetu. Watu walisemana vibaya uwanjani kwa nyimbo, jioni wakanywa pombe pamoja. Katibu aliupa upande mmoja sare, ngoma mpya na gari la kuwapeleka kwenye mikutano. Upande wa pili wote ukaenda kwa wapinzani. Kaka yangu alikuwa manju wa upande huo wa pili. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo na kuziongoza. Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa Katibu kabisa.

Kaka akatunga wimbo wa kumsema Katibu. Wiki ile ile alikamatwa akalala mahabusu. Alipotoka aliamini kwamba mume wangu ndiye aliyepeleka maneno. Mume wangu alisema si yeye. Mimi nilimwamini, lakini nilikuwa mke wake, ningefanyaje, na kaka alilijua hilo. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Tukikutana kwa mama yetu alinisalimia vizuri tu, ila mume wangu akiingia yeye anachukua baiskeli yake anaondoka. Mama alikuwa anamwangalia anavyoondoka. Ikawa hivyo miaka kadhaa.

Habari za kuondolewa kwa Katibu zilifika siku ya mnada. Aliyezileta alikuwa mfanyabiashara wa mitumba aliyetoka mjini asubuhi. Hakujua kama amefukuzwa au amepandishwa, alijua tu kwamba barua imetoka na anatakiwa kukabidhi ofisi. Kabla jua halijawa kali, mnada mzima ulikuwa unajua. Watu waliacha ng'ombe wakawa wanaulizana. Waliompenda walisema amepelekwa makao makuu kwa sababu ya akili yake. Waliomchukia walisema huko huko makao makuu wamemchoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maharage karibu nami alifunga gunia lake akasema anakwenda kanisani kushukuru. Mwenzake akamwambia, "Mimi sishukuru. Zahanati yetu ni yeye aliyeihangaikia. Mwanangu wa mwisho nimejifungulia pale." Wakaanza kubishana, na wateja wa maharage wakasubiri.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu anatengeneza jembe la ng'ombe. Nikamwambia. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kugonga kwa nyundo. Kazi ile haikuwa ya haraka, msimu wa kulima ulikuwa bado mbali.

Kesho yake upande wa kaka ulitoka na ngoma kwenda kusherehekea kijiji cha pili, na njia yao ilipita mbele ya uzio wetu wa minyaa. Tuliwasikia kutoka mbali. Kaka alikuwa anaimba wimbo mpya, anawataja mabalozi wa Katibu mmoja mmoja, akiwauliza sasa watakunywa chai kwa nani. Wenzake wanaitikia. Mume wangu alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Mimi nilikuwa natwanga, nikaacha. Walipofika usawa wa nyumba yetu kaka alimtaja balozi wa jirani, kisha akamtaja wa ng'ambo ya mto, wakapita. Vumbi lilipotulia mume wangu akaniuliza, "Mbona mimi hajanitaja?"

Nikaushika tena mchi. Nilidhani kaka amemsitiri kwa ajili yangu, na nikafurahi moyoni. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mama nikamkuta kaka, nikamuuliza. Akacheka kidogo.

"Jina lake refu, dada. Halikuingia kwenye mdundo. Nilijaribu."

Hilo sikumwambia mume wangu. Aliendelea kufikiri alichofikiri.

Baada ya siku chache mume wangu akapata ujumbe kwamba Katibu anahama na anaomba watu wa kupakia vyombo. Aliniomba twende pamoja, nadhani hakutaka kuonekana peke yake. Tulipofika Bariadi lori lilikuwa limesimama mlangoni, na Katibu mwenyewe amebeba godoro kichwani, shati limelowa jasho. Mabalozi waliokuwa wakijaa kwenye baraza lile hawakuwapo. Alikuwapo dereva, mke wa Katibu, na mzee mmoja mlinzi wa ofisi. Mume wangu alivua koti akaanza kubeba. Mimi nikamsaidia mke wake kufunga sahani kwenye khanga. Yule mama hakusema neno lolote juu ya kazi ya mumewe. Aliniuliza tu kama barabara ya Maswa imetengenezwa, maana sahani zake zilipasuka nyingi siku walipokuja.

Tulipomaliza Katibu alikaa kwenye ngazi kunywa maji. Akaniambia, "Wewe ni dada yake yule manju."

"Ndiyo, baba."

"Wimbo wake ule wa kwanza naujua wote. Ni mzuri."

Nikasema, "Ulimlaza mahabusu kwa wimbo huo."

Mume wangu aliniangalia kwa kunikanya. Katibu hakukasirika. Alinywa maji akamaliza, kisha akasema, "Ugomvi wenu sikuja nao kwenye gari, mama. Nikifika kijijini nilikuwa nauliza neno moja: hapa nani hamsalimii nani? Nilikuwa naambiwa kabla sijaletewa kiti."

Nilitaka kumuuliza nani aliyepeleka maneno ya kaka, na mume wangu amesimama palepale. Neno lilifika mdomoni. Lakini dereva alipiga honi, Katibu akanyanyuka akatushika mikono, akapanda. Sikuuliza, na sijui kama angenijibu kweli.

Lori lilipita katikati ya mji kwenda barabara ya Maswa. Kulikuwa na watu wengi wamesimama pembeni kuliko nilivyotegemea. Wengine walipunga mkono. Kina mama wa sokoni walikuwa wamekuja na fagio, lori likishapita wanafagia barabara nyuma yake ili asirudi, wanacheka. Mzee mmoja mwenye kofia ya chama alivua kofia akaishika kifuani mpaka lori likapotea. Mume wangu alisimama kati ya kina mama na mzee yule, hakupunga wala hakucheka.

Tulifikiri mambo sasa yatarudi yalivyokuwa. Katibu mpya alikuwa mtu wa kupenda usingizi, hakumsumbua mtu. Lakini kwenye msiba wa kwanza uliotokea kijijini baada ya hapo, watu wa upande mmoja waliweka sufuria yao na wa upande wa pili yao, kama tulivyozoea miaka ya Katibu. Wakati tunamenya viazi nilisikia wanawake wanasema ni Katibu aliyetuharibu. Nikawaeleza alichoniambia pale kwenye ngazi. Waliendelea kumenya. Kisha mama yangu, ambaye hakuwahi kuzungumza siasa, akasema, "Alikuta mkwaruzo, akaufanya kidonda. Asijitetee." Mwingine akasema, "Na sisi tulimwonyesha ulipo." Wakabishana hapo mpaka maji ya ugali yakachemka, na sijui hata leo ni nani kati yao aliyesema sawa. Nadhani wote wawili.

Kilichomrudisha kaka nyumbani kwangu ni pamba. Mnunuzi binafsi wa mwaka ule alikataa kuingiza lori kwa mtu mwenye mzigo mdogo. Alitaka watu wakusanye pamba mahali pamoja, lori lijae. Nyumba yetu ilikuwa karibu na barabara na upande wa kaka hakukuwa na njia ya lori. Asubuhi moja tukasikia mkokoteni. Kaka aliingia uani na magunia yake, akateremka, akasema, "Mwangaluka," bila kumtaja mtu. Mume wangu akaitikia. Kaka akatia mkono kwenye gunia letu la kwanza, akatoa pamba akaipuliza.

"Shemeji, hii umechanganya na fifi."

"Hakuna fifi hapo. Yote ni daraja la kwanza."

"Hii nini basi? Imeingia madoa. Atatukataa wote."

"Hayo madoa ni ya mvua ya juzi. Yako je? Lete tuone."

Walimwaga gunia letu moja na lake moja kwenye turubai, wakapiga magoti kila mmoja upande wake, wakaanza kuchambua, pamba safi huku, fifi kule. Walibishana kila konzi. Kuhusu Katibu, wimbo na mahabusu hawakuzungumza, siku hiyo wala baadaye, angalau si mbele yangu. Lori lilichelewa mpaka alasiri. Nikapika ugali na mlenda nikaweka sahani moja kati yao, wakanawa wakala, kaka akalalamika kwamba mlenda hauna karanga za kutosha, na mume wangu akasema hata yeye kila siku ananiambia hivyo.