Mwaka Niliokaa na Kungwi

Siku niliyofika kwenye nyumba ile ya Kibaha, na begi langu moja na cheti cha kozi ya kuhudumia wagonjwa, mwenye nyumba alinipeleka moja kwa moja chumbani kwa mama yake.

"Mama hawezi kusema," aliniambia mlangoni. "Neno lililobaki ni moja tu."

Nikamwamkia Bibi. Bibi akanitazama kuanzia kilemba changu hadi raba zangu, akasema, "Haya."

Kiharusi kilimkuta akianika muhogo nyumbani kwake Marui, huko ndani kabisa ya Kisarawe. Kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, kikamvuta mdomo upande mmoja, na kikaondoka na maneno yake yote isipokuwa hilo. Akitaka maji, haya. Akiukataa uji, haya. Nikimgeuza vibaya kitandani, haya yake ilitoka kwa namna ambayo hata mgeni asiyejua Kiswahili angeelewa kwamba ametukanwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kulala hapohapo. Mwanawe alikuwa ofisa katika ofisi za mkoa, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi vizuri, na mkewe alifanya kazi Dodoma, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, Bibi na mimi. Nilimgeuza ili asipate vidonda, nikamlisha uji mzito taratibu asije akapaliwa, nikamnyoosha vidole kimoja kimoja. Kumwinua nilitumia kanga: unaizungusha kiunoni kwake, unashika mafundo mawili, unamwambia tunasimama, kisha mnasimama pamoja kama watu wanaotaka kucheza muziki. Bibi alikuwa mzito. Jioni mgongo wangu ulikuwa unaongea wenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mchangamfu, alikuja kila wiki. Alisema mguu unaendelea vizuri ila maneno yatataka subira. Mwanawe alipotoka kazini alikuwa akiketi pembeni ya kitanda na kumwonyesha mama yake vitu. "Mama, hiki ni nini? Kijiko. Sema kijiko." Bibi alikuwa akikitazama kijiko, halafu akimtazama mwanawe kwa huruma. "Haya," alimwambia.

Siku moja asubuhi nilikuwa namwogesha huku naimba wimbo wa kwaya ya kwetu Makete. Mimi sauti sina, na pale kanisani kwetu waliniweka mstari wa nyuma kwa sababu hiyo. Nilifika kwenye kiitikio nikakikosea, nikarudia, nikakosea tena. Bibi akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Kisha akafungua kinywa na kuimba.

Haikuwa haya. Ulikuwa wimbo mzima, si wangu wa kwaya bali wa kwao, ubeti na kiitikio, maneno yametoka yote na kila silabi mahali pake. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza kidogo, na mkono wa kushoto ulikuwa unapiga ukingo wa beseni. Mimi nilibaki na sabuni mkononi. Alipomaliza alinitazama na kusema, "Haya," maana yake nimmwagie maji, baridi inamwingia.

Nilishindwa kusubiri jioni. Bahati nzuri siku ile mwanawe alirudi kula mchana. Nilipomtengea ugali na mchicha nikamwambia, "Baba, Bibi ameimba leo. Wimbo mzima."

Akaacha kunawa. "Ameimba nini?"

Sikujua maana ya nusu ya yale maneno, lakini kichwa changu kinashika. Nikamwimbia ubeti wa kwanza pale pale, nimesimama na bakuli la mboga, kwa furaha yote niliyokuwa nayo. Nilipofika katikati uso wake ulikuwa umebadilika. Nilipofika kwenye kiitikio alikuwa ameinua mkono.

"Dada, basi," alisema. "Hayo usiyaseme tena mbele yangu. Wala mbele ya mwanamume yeyote."

Kisha akanieleza huku anautazama ukuta. Mama yake alikuwa kungwi. Wasichana wa Marui na Chole, na wengine wa mbali zaidi, wakivunja ungo na kuwekwa ndani, yeye ndiye aliyeitwa kuwafunda mambo ya utu uzima, ya ndoa na ya chumbani. Mafunzo yale yalikuwa kwenye nyimbo. Mwanamume hapaswi kuzisikia, mtoto wa kiume wa kungwi mwenyewe ndiyo kabisa.

Nilikuwa nimemwimbia ofisa wa mkoa, juu ya ugali wake, habari ambazo baadaye nilipoelezwa maana yake nilikaa chini. Yeye alikula matonge matatu, akarudi kazini mapema.

Yule mama wa mazoezi alipokuja na kusikia habari hiyo alicheka mpaka akaketi kitandani. Kisha akawa makini. Alisema anawajua wagonjwa wa namna hiyo: kuongea kumeharibika, kuimba kumebaki, kwa sababu havikai sehemu moja kichwani. "Tumieni hizo nyimbo," alisema. "Chukueni sauti zake, pachikeni maneno ya kila siku. Nipe maji, mguu unauma, nataka kukaa. Aimbe kwanza, kusema kutafuata."

Ilikuwa rahisi kusema. Mimi nilijaribu kupachika "nipe maji" kwenye wimbo wa beseni, na Bibi alinitazama kama ninavyotazama watu wanaoosha vyombo bila sabuni. Ndipo mwanawe akampigia simu somo wa mama yake huko Marui, rafiki aliyefanya naye ukungwi tangu ujana wao. Somo huyo alifika kesho yake na kiroba cha muhogo, kuku aliyefungwa miguu, na mdomo usiopumzika.

"Shoga," alisema alipomwona mwenzake kitandani, "kumbe ulikuwa unatafuta sababu ya kukaa mjini."

"Haya," alijibu Bibi, na machozi yakamtoka. Somo yake akamfuta kwa ncha ya kanga, akaniuliza jikoni kuna nazi ngapi.

Wiki zilizofuata nyumba ile ilichangamka. Somo wa Bibi alikuwa hodari wa kutunga. Wimbo ambao zamani ulimfunda mwali mambo yake sasa uliomba chai ya maziwa. Mwingine, ambao sikuthubutu kuuliza asili yake, ulisema mgongo unawasha, nikune. Bibi aliuimba huo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mkono wake mbovu tuliuwekea ndoo tupu mbele, apige mdundo, na vidole vilivyokataa kushika kijiko vilikubali kugonga ndoo. Kutembea nako kukawa kwa ngoma. Somo anapiga, mimi nimeshika kanga kiunoni, Bibi anatoa mguu kwenye mdundo mzito na kuuvuta mwingine kwenye mdundo mwepesi, kutoka chumbani hadi sebuleni.

Wanawake wa mtaani walisikia. Kwanza alikuja jirani kuazima kinu, akakaa. Kesho akaja na dada yake. Baada ya muda mfupi alasiri zetu zilijaa akina mama, Waislamu kwa Wakristo, wa pwani na wa bara, wenyewe wakisema wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Somo alipochoka na maneno ya chai na maji alirudi kwenye maneno ya asili, na vicheko vilisikika mpaka barabarani.

Aliyeumia ni mwenye nyumba. Akirudi kazini na kukuta viatu vya kike vimejaa barazani, hakuingia. Aliegesha gari nje ya geti, akafunga vioo, akaweka redio kwa sauti kubwa. Nilimpelekea chai humo garini.

"Baba, karibu ndani, wataacha," nilimwambia siku moja.

"Waache tu," alisema. "Anaongea?"

"Anaimba. Ila juzi amesema 'chumvi' bila kuimba. Mchuzi haukuwa na chumvi."

"Chumvi," alirudia, kama mtu aliyeletewa salamu. Akapandisha kioo.

Nadhani kilichomkera si kufukuzwa kwake nyumbani. Alikuwa mwana pekee, ndiye aliyemtoa mama yake Marui na kumpeleka hospitali, na maneno yote mapya yalikuwa yanatoka akiwa nje. Somo wa Bibi aliligundua hilo kabla yangu. Asubuhi moja, mwanawe akipita mlangoni na funguo mkononi kuaga, Somo akagonga meza kidogo kwa kucha. Bibi akainua kichwa na kuimba, polepole, kwenye sauti ya utulivu ambayo sikuwahi kuisikia: "Mwanangu, umekula?"

Alisimama pale. "Nimekula, mama," alisema. Hakuwa amekula, chai yake ilikuwa bado mezani imefunikwa. Akarudi, akaketi, akainywa yote mbele ya mama yake pamoja na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha. Kazini alichelewa.

Baada ya hapo maneno yalikuja kwa njia yake. Mengine yaliacha wimbo na kusimama yenyewe, mengine hayakurudi kamwe. Neno kijiko halikurudi. Bibi alikiita "kile" mpaka siku niliyoondoka. Neno alilolisema kwa uwazi kuliko yote, na kulirudia kila mwanawe alipoketi naye, lilikuwa "Marui."

Mwanawe hakutaka. Marui ni mbali na hospitali, na barabara yake wakati wa mvua anaijua. "Mama, hapa kuna kila kitu," alimwambia.

"Marui," alisema Bibi.

"Ukizidiwa huko?"

Bibi alitafuta neno. Tulimwona analitafuta, mdomo unahangaika. "Kwangu," alisema mwisho.

Mwanawe alikubali kwa sharti kwamba niende na mama yake. Tukatengeneza nyumba yake ya Marui: ngazi ya mlangoni ikasawazishwa, nguzo za kushikia zikachimbiwa kutoka chumbani hadi chooni, kitanda kikapunguzwa miguu. Tulisafiri kupitia Mlandizi, Bibi amekaa mbele, na tulipoanza kuona mikorosho alianza kuwataja wenye mashamba. Alikosea baadhi, mwanawe akawa anamsahihisha taratibu huku anaendesha.

Wakati wa mavuno ya korosho, msichana wa jirani alitolewa ndani, na Bibi aliitwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake, mkono mbovu umelala pajani, na hakusimama hata mara moja. Aliimba tu. Hakuna aliyegonga meza wala aliyemkumbusha neno. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma yake, na ya humo ndani siyaandiki. Yule binti aliniuliza baadaye kama ni kweli Bibi aliwahi kushindwa kusema. Nikamwambia ni kweli.

Nilikaa mpaka mpwa wake mmoja wa hapo Marui alipojua kumwinua na kumlisha vizuri bila mimi, kisha nikapata mgonjwa mwingine Kibaha, mzee mmoja fundi saa ambaye maneno yalimjaa tele na miguu ndiyo iliyokataa. Siku ya kuondoka nilifunga begi langu mapema. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshikilia ungo usiteleze. Nikapiga magoti kumuaga. Alinishika kichwa, akasema polepole, neno baada ya neno, kwamba kuimba sijui, ila nina mikono mizuri. Kisha akaendelea na mchele.